Anapita au Anakaa? Alama Tisa za Mchumba wa Kisangani, Kutoka Nyepesi Hadi Nzito

Kabla pikipiki hazijajaa kila kona, mji wetu ulitembea kwa baiskeli za abiria, nazo zikaitwa toleka. Kwa Kilingala: tupite. Unaketi kwenye sponji iliyofungwa nyuma, mnakwepa madimbwi ya komini ya Mangobo, unashuka, unalipa, kila mtu njia yake. Ni usafiri mzuri sana. Shida inakuja pale unapotafuta mtu wa kujenga naye nyumba, ukampata mwenye tabia za toleka.

Kwa hiyo nimezikusanya alama ambazo watu hapa huzitaja wakisema "huyu yuko siriasi", nikaziweka kwenye mizani moja moja. Naanza na nyepesi. Najua utabisha, watu wa Boyoma, yaani Kisangani, hatujawahi kukubaliana hata juu ya njia fupi ya kwenda sokoni.

9. "Umeamkaje, moyo wangu?"

Saa kumi na mbili asubuhi, simu inatetemeka. Mawaridi matatu, jua linachomoza, na maneno matamu kama ndizi iliyoiva. Kabla hujatabasamu, soma yale maandishi madogo juu ya ujumbe: umesambazwa mara nyingi. Enzi mji ukiitwa Stanleyville, Patrice Lumumba alipokuwa karani wa posta mjini hapa, barua ya mapenzi ilidai karatasi, stempu na miguu ya kuifikisha posta. Huyu wako hata jina lako hajaliandika. Mwulize jana ulimweleza nini kuhusu mdogo wako anayeumwa. Akikumbuka, mpandishe ngazi mbili papo hapo.

Hukumu: salamu ni salamu. Hata mwuza makaa anakusalimia.

8. Picha ya Wagenia

Mmesimama kwenye miamba ya maporomoko ya Wagenia, wavuvi wa hapa, maji yanachemka nyuma yenu, ile miti mikubwa imesimama mtoni na vikapu vinaning'inia. Mmependeza. Lakini picha hiyo anayo kila mgeni aliyewahi kushuka Kisangani na simu mkononi. Mngegeuka mkawaangalia wavuvi wenyewe, mngejifunza zaidi. Ile miti wameisimika kwenye mashimo ya mwamba na kuifunga kwa kamba za porini. Mto ukijaa na kuibeba, wanaisimika upya. Kikapu wanakwenda kukitazama hata kama jana kilitoka kitupu.

Hukumu: mandhari safi, ushahidi hafifu. Mwulize kama yuko tayari kurudi siku ya kikapu kitupu.

7. Kukuweka status

Amekuweka WhatsApp, na wimbo chini yake, na moyo mwekundu. Status inakaa saa 24, halafu inafutika. Kwanga, mkate wa muhogo, iliyofungwa vizuri kwenye majani inakaa siku kadhaa.

Hukumu: kwanga imeshinda.

6. Uniti, mega na pesa ya simu

Hapa ndipo kelele zinapoanza, basi tupangane. Kuna wanaosema mwanaume asiyetuma pesa hana mapenzi. Kuna wanaosema mwanamke anayepokea pesa anajiuza. Nawakataa wote wawili. Mtu anayekupenda na ana kitu mfukoni, mkono wake utafunguka. Hilo ni la kawaida na ni zuri. Ila fananisha hawa wawili. Wa kwanza anatuma dola 20 kila mwisho wa mwezi, haulizi chochote, na ukimpigia Jumatano hapokei. Wa pili anatuma uniti za faranga 2,000 kwa sababu ulimwambia lazima umpigie shangazi aliye hospitalini, na jioni anauliza shangazi ameamkaje. Mimi namchagua wa pili asubuhi, mchana na usiku.

Na wewe kaka unayepokea kila mwezi kutoka kwa dada wa watu anayeuza vitenge, hujawahi kurudisha hata samaki mmoja: huo si uchumba, hiyo ni ajira.

Hukumu: acha kuhesabu noti, hesabu sababu.

5. "Mungu amenionyesha wewe"

Mji umejaa makanisa ya uamsho, na mazoezi ya kwaya yameunganisha watu wengi kuliko programu yoyote ya simu. Sina neno baya juu ya hilo. Kwaya unamwona mtu akichelewa, akikosolewa, akikosea mbele za watu na kuanza upya. Ni mahali pazuri sana pa kumjua mtu kabla hujampa moyo. Maombi nayo nayaheshimu kwa dhati.

Kinachoniudhi ni ile ndoto inayokuja na amri. Kuna kwaya ninayoijua ambamo kijana mmoja wa besi alionyeshwa sopurano watatu ndani ya mwaka mmoja, na kila mmoja aliambiwa akikataa atakuwa amemkataa Mungu. Dada yangu, Mungu aliyemwonyesha yeye anaijua pia nyumba unayolala. Mwombe akuonyeshe na wewe, na umwambie huyo nabii asubiri foleni.

Hukumu: ufunuo usiokupa nafasi ya kusema "hapana" si posa.

4. Kuvuka kwenda Lubunga

Sasa tumeingia kwenye mizani mikubwa. Komini tano za Kisangani ziko ng'ambo moja, Lubunga peke yake iko ukingo wa kushoto. Binti akiwa Lubunga na kijana akiwa Kabondo, kati yao uko mto Kongo mzima, na mto hauna haraka ya mtu.

Nimemwona kijana mmoja akivuka Jumapili ya mvua. Viatu mikononi, suruali imekunjwa hadi magotini, mfuko wa plastiki umefunika kichwa, na yeye mwenyewe anasaidia kuchota maji ndani ya mtumbwi kwa kopo la maziwa. Alipofika kwao binti, mama mtu alikuwa uani anatwanga lituma. Ndizi zilikuwa bado na mvuke. Kijana hakuingia ndani kukaushwa. Aliomba mchi. Mapigo ya kwanza yalikuwa mabaya, ndizi ikamrukia shavuni, wadogo wa binti wakacheka hadi wakakaa chini. Akaendelea kutwanga mpaka ikawa laini. Mama alimwekea bonge la kwanza yeye, na samaki juu yake, na hakuuliza anafanya kazi gani hadi sahani ilipokwisha.

Na baada ya damu iliyomwagika huko tangu 2023 kati ya makabila ya Wambole na Walengola, kijana anayevuka kwenda kumsalimia mama mkwe wa kabila lingine nampa alama zote bila kumwuliza swali.

Wa ng'ambo hii msijifiche. Toka Mangobo hadi Makiso hakuna mtumbwi. Ila kuna ambaye kwa mwezi wa tatu sasa anasema njia ni mbaya.

Hukumu: anayekuja mchana, kwa miguu yake, mahali ambapo ndugu zako wanamwona, uzito anao.

3. Ugomvi wa kwanza

Wengi wataiona namba hii imepanda mno. Wanataka mapenzi yasiyo na ugomvi. Mimi nasema kama mna miezi sita hamjawahi kutofautiana, mmoja wenu anajificha. Anzeni hata na mpira: yeye shabiki wa timu ya Malekesa, wewe wa Nika, mechi imeisha vibaya. Anafanya nini? Anazima simu siku tatu ili utambae? Anaikumbusha mechi hiyo kila mnapogombania jambo lingine? Au anarudi jioni na kusema, "Nilipandisha sauti, haikuwa vizuri, tuzungumze"?

Huyo wa mwisho ni adimu kuliko umeme usiokatika. Mshike.

Wapo wanaokagua simu yako, wanaokuchagulia marafiki, halafu wanauita huo wivu wa mapenzi. Mapenzi gani yanayohitaji polisi? Na akiinua mkono, orodha inaishia hapo. Usisome namba mbili na moja. Beba mkoba wako, nenda kwa dada yako, usirudi kusikiliza maelezo.

Hukumu: mtu hujulikana akiwa amekukasirikia. Akiwa na furaha kila mtu ni malaika.

2. Mahari

Nasikia wajomba wakigonga meza: "Mahari namba mbili? Namba moja ni nini basi?" Subirini, wakubwa zangu, nafika.

Mahari ni jambo zito na ninalipenda. Kwanza wanakuja kupiga hodi, kile ambacho kwa Kilingala tunaita kokanga lopango, kufunga ua, ili wengine wajue hapa pana mwenyewe. Kisha inatoka fakture: suti ya baba, vitenge vya mama, mbuzi, mchele, chumvi, taa, mapanga, bahasha. Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inaitambua: kifungu cha 361 kinataka mahari itolewe, yote au sehemu, kabla ya ndoa kufungwa, wahusika wasipokubaliana vingine. Sheria hiyohiyo inakataza kutoa au kupokea mahari ya binti asiyefika miaka 18. Kumbuka pia kwamba uchumba kisheria ni ahadi. Haumlazimishi yeyote kuoa wala kuolewa. Kwa hiyo hata ua ukishafungwa, bado una haki ya kufikiri.

Ninachokipima si urefu wa fakture. Napima kama ninyi wawili mliiketia. Nimeona kijana amekopa kwa watu wanne ili amalize orodha kwa kishindo, harusi ikanoga, na mwaka mzima wa kwanza wa ndoa bibi harusi akala madeni ya sherehe yake mwenyewe. Mwingine alikuja na wazee wake, akasema wazi: leo ninacho hiki, kilichobaki nitaleta kwa awamu, na binti anajua. Na kweli binti alijua. Alikuwa ameipunguza fakture yeye mwenyewe kwa kumwomba mama yake. Wajomba, nawaheshimu sana, ila jenereta ya pili kwenye fakture ni ya nini?

Hukumu: dhahabu. Lakini familia mbili zinaweza kumaliza mahari yote bila wachumba kuwahi kuzungumza saa moja ya kweli. Ndiyo maana si ya kwanza.

1. Swali la afisa wa komini

Wengi hapa wakishalipa mahari wanahamia pamoja, na karatasi ya ndoa ya komini inasubiri "tukipata nafasi". Nafasi haiji. Siku mume anapofariki, mama wa watoto wanne anasimama mlangoni bila hati, na mashemeji wanatoa sufuria moja moja. Jambo hili linaniuma kila ninapoliona, na nimeliona zaidi ya mara moja. Anayekuambia "twende tukaandikwe", kisha akaenda mwenyewe kuulizia vyeti vinavyotakiwa, huyo hapiti. Huyo anakaa.

Ila sijamaliza. Mbele ya afisa kuna swali ambalo wachumba wengi hawajawahi kulisikia: mali zenu zitakuwaje? Sheria inatoa njia tatu. Kila mtu na chake. Au ulichokuja nacho kibaki chako, mtakachochuma pamoja kiwe chenu. Au vyote viwe vya wote wawili. Msipochagua, mnapewa ile ya katikati. Na tangu 2016 mke haombi tena ruhusa ya mume ili afunge mkataba; sheria inataka mkubaliane.

Nilikuwa kwenye ndoa moja ya komini, mwezi wa mvua, ukumbi umejaa mpaka dirishani. Afisa akauliza swali hilo. Bwana harusi akafungua mdomo, akamtazama bibi harusi, wote wawili wakaangua kicheko mbele ya wazee. Walikuwa wameligombania Jumapili mbili mfululizo.

Bibi harusi ndiye aliyejibu: "Cherehani nilikuja nayo, inabaki yangu. Pikipiki tutanunua, ni yetu."

Afisa akasubiri wamalize kucheka, akaandika.