Jinsi ya Kuishi Ndani ya Gari Rombo, Kucheza Gofu Moshi na Kulala Jirani na Perere

Kabla hujafunga fimbo za gofu kwenye paa la gari, tazama kalenda. Mgeni anayehesabu kiangazi cha Ulaya hufika mji wa Mkuu, Rombo, mwezi Julai na kaptula yake, akawakuta watu wamevaa makoti na ukungu umelala juu ya migomba. Kiangazi chetu ni Januari na Februari, vuli ikishapita na masika ya Machi hayajaingia. Wiki ya Krismasi usidhani utakuja peke yako. Wachaga wa Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko huwa wote barabarani wakirudi nyumbani, na magari yao ya kawaida yamebeba watu na mizigo mingi kuliko gari lako lenye kitanda na jiko. Kila pa kuegesha pana mwenyewe, na pale ulipodhani pamebaki wazi amefungwa mbuzi wa ndafu.

Sasa gari lenyewe. Lile kubwa kama basi liache Moshi mjini. Lami ya kutoka Himo kupitia Marangu na Mwika hadi Mkuu na Tarakea italipitisha, lakini ukikata kushoto kuelekea Mlima Kilimanjaro umeingia njia za vihambani, zilizozoea mtu, ng'ombe na mzigo wa majani kichwani. Land Cruiser yenye hema juu ya paa inatosha kabisa. Hiyo nayo, udongo ukilowa, ipe heshima ya kusimama hadi jua litoke.

Rombo usitafute uwanja wa kuegesha nyumba za magurudumu wenye umeme na bomba kwa kila gari. Utalala kwenye uwanja wa mtu, na hapo ndipo penye kazi. Kihamba si shamba tu. Ni nyumbani kwa ukoo, na wazee waliotangulia wamezikwa humo humo katikati ya migomba na kahawa. Piga hodi. Mwamkie mzee, "Shikamoo, meku," kisha keti. Ukikaribishwa mbege, pombe yetu ya ndizi, pokea, na baada ya hapo funguo za gari zikae mfukoni hadi kesho. Zaidi ya yote, angalia masale, ile mimea yenye majani marefu iliyopandwa mpakani. Ukirudisha gari nyuma ukayalaza, umejitia matatani kwelikweli, kwa sababu jani la sale ndilo Mchaga analobeba anapokwenda kuomba msamaha. Utaombaje msamaha kwa jani ulilolipitia na tairi?

Kuhusu gofu, Rombo haina uwanja, nawe usijaribu kuubuni. Mpira ukiuacha uelekee mashariki, utakwenda kuutafuta karibu na Ziwa Chala. Shuka Moshi, kwenye mashimo 9 ya Moshi Club, au teremka zaidi hadi uwanja wa TPC katikati ya mashamba ya miwa, ambako joto litakufundisha kuamka mapema. Anayetaka mashimo 18 bila kuzunguka mara mbili aelekee Usa River, njia ya Arusha. Popote uendapo, anza saa 12 asubuhi. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, hujitokeza alfajiri, na saa tatu au nne mawingu huweza kumfunika mchana kutwa. Aliyelala hadi saa tano amelipia mandhari ya mawingu.

Usijivunie sana mpira wako ukienda mbali kuliko ulivyozoea kule pwani. Moshi iko zaidi ya mita 800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kidogo na haiuzuii mpira kama ya Dar es Salaam. Kwenye nyasi fupi za kuzunguka shimo, msikilize kijana anayekubebea fimbo. Mlima mkubwa ukiwa nyuma, macho hudanganyika na mteremko huonekana tambarare. Yeye amekulia hapo, wewe umefika jana. Wanyama nao wana haki zao uwanjani. Jinja, Uganda, klabu ya gofu inajulikana kwa kanuni ya mpira uliotumbukia kwenye unyayo wa kiboko: unauokota na kuuweka pengine bila adhabu. Moshi hutahitaji kanuni ya kiboko, ila tumbili akikimbia na mpira wako, mwachie. Yeye ana miti yote ya kujificha.

Ukirudi Rombo jioni, ukilala karibu na msitu, utasikia kitu kama mlango wenye bawaba kavu ukifunguliwa taratibu juu ya mti, kisha mlio utapanda na kupanda hadi uwe ukelele. Usipige simu polisi. Huyo ni perere, mnyama wa ukubwa wa sungura, mwenye undugu na tembo, na dume ndiye anayetangaza eneo lake. Kumsikia ni bahati, maana perere wamewindwa sana kwa ngozi na nyama. Mchana tafuta mbega, mwenye joho jeupe na mkia wa manyoya meupe. Hula majani, na hukaa mahali pamoja kwa muda mrefu akiyasaga tumboni, kwa hiyo nawe kaa. Darubini ya mtu mwenye haraka haioni mbega.

Tembo ni habari nyingine. Upande wa magharibi wa mlima huvuka kwenda na kurudi Amboseli kupitia ushoroba wa Kitendeni, na hata mashamba ya Rombo yaliyo mpakani na Kenya wameyaingia. Ndizi na matunda usiyaache yananukia ndani ya hema, na usiku usiendeshe huko chini kwa mwendo wa kwenda kushangilia harusi.

Msituni usiingie kwa kujiongoza. Ukanda wa nusu maili pembezoni mwa msitu ulitengwa mwaka 1941 ili wanavijiji wapate kuni na majani ya mifugo, na mwaka 2005 hifadhi ya taifa ilipanuliwa hadi kuumeza msitu huo. Kwa hiyo pita getini, lipa, chukua mwongozaji. Mvua inayodondoka juu ya miti hiyo ndiyo inayolisha Chala chini kwa chini, na ndiyo inayojaza mifongo, ile mifereji ya kumwagilia vihamba.

Ndiyo maana tangi la maji machafu la gari lako lina sheria moja isiyojadiliwa. Halimwagwi kwenye mfongo, hata usiku, hata kidogo, hata kama ni maji ya kuoshea vikombe. Muulize mwenyeji choo cha shimo kiko wapi. Mfongo ulichimbwa na watu wenye majina, una zamu zake za kumwagilia, na chini yako kuna kaya zinazosubiri zamu hizo. Siku ya kuusafisha ikitangazwa nawe bado umeegesha hapo, weka fimbo za gofu ndani ya gari, azima jembe, uende na wenzako.