Pantoni, Daraja na Mdomo wa Mhasibu

Mtu wa Kigamboni hahitaji kufundishwa kupanga njia. Kila asubuhi anapiga hesabu: pantoni ni karibu lakini ina foleni, daraja ni mzunguko lakini halimsubirishi mtu. Chai haijaisha ameshaamua, na jirani akimpigia kwamba pantoni moja imeharibika, anageuza safari bila kikao.

Ruta nayo ina kazi hiyohiyo, ila foleni haioni. Inaona namba. Kila kiungo cha mtandao hupewa namba iitwayo gharama, na ruta hujumlisha mpaka ipate njia yenye jumla ndogo kuliko zote. Kanuni yake aliibuni Mholanzi Edsger Dijkstra mwaka 1956, akiwa amekaa mkahawani Amsterdam na mchumba wake, kwa dakika kama 20, bila kalamu wala karatasi. Angekuwa kwenye foleni ya pantoni angebuni tatu.

Ofisi ninayoitunzia mtandao inauza vifaa vya ujenzi: makao makuu Kariakoo, ghala Kigamboni. Katikati kuna mkongo wa gigabiti 1 unaozunguka kwa darajani, na redio ya megabiti 100 inayorusha mawimbi juu ya maji, kwa ajili ya dharura. Ndivyo ankara zilivyosema. Ruta zilisema vingine. Fundi aliyenitangulia aliziacha zijipangie gharama zenyewe, na kwenye OSPF, itifaki ya ruta kupashana habari za njia, ruta nyingi bado zinatumia kanuni ya enzi za kasi ndogo: megabiti 100 gawanya kwa kasi ya tundu la ruta, na kisichofika 1 kinahesabiwa 1. Mkongo ukapata 1. Redio ikapata 1. Ruta ikaona mapacha, ikawagawia kazi nusu kwa nusu. Hata ukiinua kile kipimo cha 100 hupati kitu, maana redio yenyewe imechomekwa kwenye tundu la gigabiti, na ruta inasoma tundu, haina habari na kilichofungwa mbele yake.

Basi kila meli kubwa ilipoingia bandarini, ghorofa lake la juu lilikatiza mbele ya redio na nusu ya shughuli za ofisi zikazama. Ruta hazikushtuka. Hizo husalimiana kila sekunde 10, na mwenzao hutangazwa marehemu baada ya kimya cha sekunde 40. Meli ilikuwa ikimaliza kupita kabla ya tanzia. Ila mhasibu wetu wa Kigamboni, mama wa Kitanga, alihitaji sekunde 5 tu kunipigia.

"Mwanangu, mtandao wako umekata tena."

"Ni meli, mama."

"Meli? Imeingiaje kwenye kompyuta yangu?"

Nikaandika gharama kwa mkono kwenye ruta ya Kigamboni: mkongo 10, redio 100. Sasa kila kilichotoka Kigamboni kilipita kwenye mkongo. Lakini gharama unayoandika huku ni ya kwendea. Ya kurudia inaandikwa upande wa pili, na ruta ya Kariakoo ilikuwa mikononi mwa mkandarasi. Kwake mabadiliko yanataka fomu, fomu inataka sahihi, na mwenye sahihi alikuwa likizo.

Wakati fomu inasubiri, bosi akampigia mhasibu kwa simu ya mtandao. Kariakoo walimsikia mama vizuri kabisa, kama yuko mezani. Majibu ya bosi yakaangukia redio, na meli ilikuwa inapita.

"Halo? Halo? Ah, imekata." Mama akamgeukia mwenzake. "Gari jipya ananunua, simu inayosikika hana. Na ile nyongeza aliyotuahidi tangu Idi, sijui nayo imepita kwa pantoni gani."

Fomu ilitiwa sahihi alasiri ileile. Nasikia mwenye likizo alifuatwa nyumbani. Kuhusu nyongeza sikusikia lolote.

Gharama zikalingana pande zote mbili. Kisha Jumanne moja katapila la wachimba mitaro likaukata mkongo. Kisanduku cha mwenye mkongo kiliendelea kuwaka taa zake, kwa hiyo ruta zilingoja salamu mpaka zile sekunde 40 zikatimia, ndipo kila kitu kikahamia redio. Mama alishika simu kunipigia; sijapokea, akakata mwenyewe. Mishahara ikatoka, maagizo ya saruji yakaenda. Mafundi wa mkongo walikuwa bado wanachimba Ijumaa nilipompelekea bosi taarifa, nikitarajia japo soda.

"Mkongo umekatika tangu lini?"

"Tangu Jumanne, bosi."

"Na tumefanya kazi wiki nzima?"

"Wiki nzima, bosi. Redio imebeba." Nilisema kwa kujigamba, nakiri.

Akavuta faili la ankara, akapitisha kidole mpaka kwenye mstari wa mkongo.

"Sasa huu tunaulipia wa nini?"