Kuku Mmoja, Madaktari Kijiji Kizima

Ukiumwa wewe hapa Kashojwa, jirani atakupa pole na kukuelekeza kituo cha afya. Akiumwa kuku wako, kijiji kizima ni madaktari.

Jogoo wangu alishusha mabawa asubuhi, akaharisha kijani, na kabla ya saa nne Mama Furaha alikuwa ameshafika na pilipili mkononi. "Papa Neema, isage, changanya na majivu, mnyweshe." Hajamaliza, mzee wa nyumba ya nyuma akaja na jani la mshubiri. Mzee huyu haambiliki. Makazi yetu haya ya Nakivale yanapokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na yeye huzungumza kana kwamba aliwapokea wote. "Kijana, mimi nimezika kuku wengi kuliko miaka yako," alinambia. Akataka nimwamini kwa hilo hilo!

Daktari wa tatu alitoa mfukoni kapsuli za tetrasaiklini zilizobaki alipokuwa na kikohozi. Nusu asubuhi, nusu jioni. Kikohozi chenyewe bado anacho.

Jioni jogoo alipinda shingo hadi jicho moja likawa linatazama mbinguni. Alizunguka papo hapo kinyumenyume, akaidonoa punje ya mahindi, akaikosa, akadonoa vumbi pembeni yake, akameza mate kama aliyeshiba. Watazamaji hawakupungua, na kila mmoja alikuwa na la kuongeza.

Nikapanda gari hadi Mbarara, kwenye duka la dawa za mifugo. Muuzaji alinipangia mezani dawa ya kuhara damu, ya minyoo, vitamini, na unga wa njano wa kuchanganya na maji. Nikauliza: hii inatibu mdondo? "Inasaidia." Na hii? "Nayo inasaidia." Dukani mle kila kitu kilisaidia, hasa droo ya pesa.

Ukweli nilipewa bure, kwa simu, na daktari wa mifugo mwenye haraka zake: mdondo unaletwa na kirusi, hauna tiba. Antibiotiki haiui kirusi. Kazi yake ni bakteria. Mtenge mgonjwa, akifa mfukie chini kabisa, matumbo usiwatupie mbwa. Na kuku akionyesha dalili, usimkimbize mnadani. Hapo nikakumbuka mahali nilipomnunua jogoo, na bei ilivyokuwa nzuri.

Kumbe kinga ipo. Chanjo ya I-2 ilitengenezwa Australia kwa ajili ya vijiji kama chetu, yenye kuvumilia joto kuliko zile zinazotaka friji muda wote. Tone moja jichoni, unarudia kila miezi mitatu au minne. Bei yake haitishi. Lakini chupa moja ni ya kuku mia na zaidi, na ukishaifungua haikungoji mwezi ujao. Mimi nimebaki na mitetea mitano. Hao wengine tisini na watano niwatoe wapi, niwakodi?

Basi nikageuka mwanasiasa, nikapita nyumba kwa nyumba kuomba kuku. Wale wale walioacha kazi zao kumtibu jogoo aliyekwisha, sasa hawana nafasi. "Kuku wangu haumwi, nimchanje wa nini?" Mwenye kapsuli akaogopa mitetea itaacha kutaga. Mama Furaha akauliza kama ndani mna pilipili. Niliongea Kiswahili, nikajaribu Kinyarwanda changu cha kuokoteza, na kwa jirani Msomali nikainamisha kichwa, nikajidondoshea maji jichoni. Huyo ndiye aliyeelewa upesi kuliko wote. Alileta kuku wake akacheka hadi akaketi.

Mwishowe tulichanga shilingi mia tano kwa kila kuku, bata wawili wakaingia kinyemela, na mzee wa mshubiri akajiteua kusimamia foleni. Jua likizama kila kuku alikuwa ametiwa tone lake, na mimi mikono imejaa mikwaruzo.

Sasa Mama Furaha yuko mlangoni kwangu, amekunja kanga kiunoni, anadai mia tano yake. Kuku wake aliyechanjwa kanyakuliwa na mwewe. Namweleza chanjo ni ya mdondo, mwewe ni habari nyingine. Ananiuliza kwa nini sikusema hivyo mapema.