Shemeji, Hiyo Mechi Haihesabiwi

Katika ukoo wa mke wangu, simu ikiita usiku wa manane kutoka Marekani maana yake ni moja: kuna msiba. Hakuna anayepiga saa hizo kuulizia bei ya mchele. Ndiyo maana usiku wa Jumapili ya tarehe 13 Oktoba 2024, shemeji yangu anayeishi Bronx alipopiga na kuanza na "Shem, umeona alichotufanyia?", mke wangu alikuwa keshakaa kitako, kanga begani, machozi yako njiani.

"Nani?" akauliza.

"Donte DiVincenzo," nikamjibu.

"Wa upande wa baba au wa mama?"

Mjue kwamba Jumatatu iliyokuwa inakuja ilikuwa Siku ya Nyerere, ofisi zimefungwa nchi nzima, nami nilikuwa nimejipangia kumuenzi Baba wa Taifa kwa kulala mpaka saa nne asubuhi. Badala yake nikajikuta gizani, simu sikioni, naelezwa habari za mechi ya mpira wa kikapu ambayo, kwa kanuni za waliouandaa mchezo wenyewe, ni kama haikuchezwa.

Naomba nieleweke. Sina ugomvi na kikapu. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet wetu alipochukuliwa wa pili na Memphis Grizzlies, nilitembea mtaani nimevimba kama vile mimi ndiye niliyemgawia ule urefu. Wala hatukuwa na haja ya kuuliza wa saba alikuwa nani. Alikuwa Stephen Curry. Tangu hapo nimebaki shabiki wa wastani: fainali naangalia, vipande vya video naangalia mchana, usiku nalala. Ugomvi wangu ni na mechi za Oktoba.

Mechi za Oktoba, kwa msomaji mwenye bahati ya kutozijua, ni za kujipima nguvu kabla ligi haijaanza. Hazina pointi, haziingii kwenye msimamo. Kocha anazitumia kumtazama kijana anayegombea nafasi ya mwisho kikosini, na kwa kawaida nyota anacheza kidogo, anajifuta jasho, anakwenda kukaa benchi kupiga soga. Ukifunga vikapu usiku kucha, takwimu zako za msimu zinabaki sifuri. Kinachohesabiwa ni kiingilio tu, maana mwenye tiketi ya msimu mzima anauziwa na hizi humohumo ndani, atake asitake. Nilimwambia shemeji kwamba huko ni kulipia pilau ukaonjeshwa mvuke wa sufuria. Akasema sijui mpira.

Sasa kisa chenyewe, kama nilivyokikusanya kati ya kupiga miayo.

Chuo Kikuu cha Villanova kilitwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani mwaka 2016 na tena 2018. Humo ndimo walimopikwa Jalen Brunson, Josh Hart, Mikal Bridges na huyu DiVincenzo, ambaye kwenye fainali ya 2018 aliingia akitokea benchi na kufunga pointi 31. Miaka ikapita, timu ya New York Knicks ikaanza kuwaokota mmoja mmoja. Brunson akaja 2022, Hart na DiVincenzo wakaja 2023, na mwaka 2024 akaletwa Bridges kwa bei ya kufuru: haki tano za kuchagua vijana wa raundi ya kwanza. Shemeji alitangaza kwenye kundi la ukoo kwamba marafiki wanne wa chuo wamekutana tena, kwa furaha ya mtu aliyelala nao bweni moja. DiVincenzo ndiye alikuwa kipenzi chake. Katika msimu wake mmoja pale New York alitia mitupo ya pointi tatu 283, rekodi ya klabu. Shemeji akanunua jezi yake, namba sifuri.

Kabla wanne hao hawajacheza pamoja hata mechi moja ya ligi, Knicks wakamfungasha DiVincenzo na Julius Randle wakawapeleka Minnesota, wao wakamchukua Karl-Anthony Towns. Dili lilikamilika tarehe 2 Oktoba. Siku kumi na moja baadaye, nani anaingia Madison Square Garden kucheza mechi ya kujipima nguvu? Minnesota. Hata jasho la jezi ya zamani lilikuwa halijakauka.

Basi usiku huo kijana akawa anarusha maneno kuelekea benchi la waliomuuza. Mechi ilipokwisha, watu wakipeana mikono, akajibizana na kocha msaidizi wa Knicks, Rick Brunson, mpaka wenzao wakaingia katikati. Hakuna aliyepigwa. Nilimuuliza shemeji mara mbili, kwa matumaini kwamba walau nimeamshwa kwa jambo la maana. Hakuna aliyepigwa.

"Sasa huyo Rick Brunson ni nani?" mke wangu akauliza, maana alikuwa ameshaniamuru niweke sauti ya nje.

"Baba yake Jalen," shemeji akajibu.

Mke wangu akanitazama kwa ushindi. Kumbe ni upande wa baba.

Hapo ndipo mambo yalipomnogea, na mimi nikajua usingizi umekwenda. Akaelezwa kwamba baba aliajiriwa kwenye benchi la Knicks Juni 2022, na mwezi uliofuata mtoto akasaini. Kwamba rais wa timu, Leon Rose, ndiye aliyekuwa wakala wa huyo baba enzi zake za kucheza. Kwamba ligi ilichunguza ikawanyang'anya Knicks chaguo moja la raundi ya pili kwa kuanza kuzungumza na Jalen kabla ya muda unaoruhusiwa. Mke wangu amefanya kazi serikalini miaka mingi na undugunaizesheni anaujua kwa harufu, lakini nakiri sikuwahi kumwona akiutolea heshima namna ile. Halafu akatoa hukumu: kijana ana haki ya kukasirika, ila mzee amekosea, kwa sababu mtu mzima hajibizani na rafiki wa mwanawe mbele za watu. Anamwita pembeni, anampa maji.

Shemeji akasema kinyozi wake wa Bronx naye ana msimamo huohuo. Kwa maelezo yake, watu pale kwa kinyozi wamegawanyika. Wako wanaosema DiVincenzo katupwa kama ganda la muwa na ana haki ya kusema lolote. Wako wanaosema biashara ni biashara, Towns ni mrefu na anatupa pointi tatu, machozi yafutwe. Na wako wa chama cha mke wangu. Wote, nasisitiza, watu wazima wenye kazi na kodi ya nyumba, wakirushiana vidole juu ya mechi isiyo na pointi.

"Matokeo yalikuwaje?" nikauliza.

Kimya. Nikadhani mtandao umekatika.

"Ngoja nitazame," shemeji akasema.

Mtu ameamsha bara lingine, amepandisha shinikizo la damu la dada yake, na hajui nani kashinda! Nikatumia nafasi hiyo kukata simu.

Sikujua kwamba wakati tunaongea alikuwa ameshatupia kile kipande cha video kwenye kundi la ukoo, kikiwa na maneno mawili tu chini yake: "Imeniuma sana." Kundi letu lina wazee. Mzee haifungui video usiku, bando linaliwa. Anasoma maneno. Mama mkwe akawa wa kwanza: "Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun." Baada yake pole zikamiminika. Shangazi wa Tanga akauliza maziko ni huko au mwili unaletwa. Mweka hazina wa ukoo, mtu asiyejua mzaha hata siku ya arusi, akafungua orodha ya michango, akaandika jina lake namba moja, shilingi elfu ishirini, kalipa. Hadi adhuhuri orodha ilikuwa imefika watu tisa na mmoja ameahidi gunia la mkaa. Shemeji aliamka kwao akakuta marehemu ni DiVincenzo. Fedha zilirudishwa, isipokuwa makato ya kutuma na kutolea, ambayo hadi leo yana kesi.

Na tafadhali msinikumbushe habari za Agosti na Uwanja wa Mkapa unavyofurika kwa mechi za kutambulisha wachezaji wapya. Mke wangu keshanikumbusha. Hilo ni jambo tofauti kabisa, na ningeeleza tofauti yake kama nafasi ya safu hii ingetosha.

Nilichokigundua katika siku zilizofuata, maana shemeji hakuacha, ni kwamba hasira ya mechi isiyohesabiwa ni mbaya kuliko ya fainali. Ugomvi wa mechi ya ligi una dawa yake: msimamo. Umefungwa, umeshuka nafasi, unafunga mdomo, unasubiri Jumamosi. Ya Oktoba haina pa kwenda. Ukishinda unaambiwa haihesabiwi, ukifungwa unajitetea kwamba haihesabiwi. Ikishaondolewa pointi, kinachobaki uwanjani ni maneno tu, na maneno ndiyo bidhaa ambayo mashabiki hawaishiwi. Yule kocha mkuu wa Knicks wakati huo, Tom Thibodeau, alisifika kwa kuwachezesha nyota wake mpaka ndimi zinaning'inia. Hata yeye nadhani angewahurumia wale wa pale kwa kinyozi.

Nikajifariji kwamba ligi itaanza na mambo yatajiamua. Tarehe 19 Desemba Knicks wakaenda Minneapolis, Towns akaifunga timu yake ya zamani pointi 32 na kudaka mipira 20, ikaisha 133 kwa 107. Shemeji akapiga simu. Biashara nzuri, akasema, mimi nilijua tangu mwanzo. Tarehe 17 Januari 2025 Minnesota wakaja New York wakashinda 116 kwa 99. Shemeji akapiga simu. Tulimuuza wa nini yule kijana? akasema, mimi nilijua tangu mwanzo. Moja kwa moja, basi. Tukangoja mtoano. Knicks wakafika fainali ya kanda ya Mashariki, wakatolewa na Indiana. Minnesota wakafika fainali ya kanda ya Magharibi, wakatolewa na Oklahoma City. Zote mbili hatua ileile, milango tofauti. Knicks wakamfukuza Thibodeau, ambaye miaka ya nyuma aliwahi kumfundisha Towns hukohuko Minnesota, na hilo nalo lina simu yake ambayo nimewasamehe.

Kwa hiyo jambo lililoanza bila pointi lilikwenda msimu mzima wenye pointi na likarudi sare. Jezi namba sifuri shemeji bado ameining'iniza sebuleni. Amesema ataivua ukutani siku Knicks watakapomwomba radhi kijana, na mpaka msimu ule walikuwa hawajamwomba radhi mtu yeyote kwa kukosa ubingwa tangu 1973.

Ombi langu naliwasilisha kwa wakubwa wa ligi ile, kwa heshima zote. Zipeni mechi za Oktoba pointi. Hata nusu nusu. Mnazo mechi 82 kwa kila timu kila msimu. Mkiongeza hizo chache kwenye hesabu hakuna atakayedhurika, ila mashabiki watapata msimamo wa kuangalia, mshindi atajulikana, mdomo utafungwa. Kama hilo ni gumu, zichezeni milango ikiwa imefungwa, bila kamera, na Rick Brunson akae nyumbani.