Kabla Hujasema "Imekufa": Mambo Saba ya Kibodi na Mausi Zisizo na Waya

Kibodi na mausi nyingi zisizo na waya hufikishwa kwa fundi zikiwa nzima kabisa. Okoa hela yako. Tuhesabu kuanzia saba kushuka.

7. Kile kiplastiki. Kinachungulia kwenye kifuniko cha betri, kuzuia umeme usipite mpaka mzigo ukufikie. Umeshakufikia. Kivute, kazi yake imekwisha!

6. Swichi ya tumboni. Pindua mausi uiwashe. Usiku izime; betri nazo zinataka kulala.

5. Meza ya kioo. Chini ya mausi kuna kikamera kinachopiga picha za meza zaidi ya elfu moja kwa sekunde na kuzilinganisha, ndipo kijue umeelekea wapi. Kioo safi hakina alama ya kusomwa. Tandika daftari, kazi iendelee.

4. Jirani mwenye kelele. Risiva, kile kijidude cha USB unachochomeka kwenye kompyuta, mara nyingi hutumia masafa ya 2.4 GHz, yaleyale ya Wi-Fi. Vifaa vya USB 3.0 navyo humwaga kelele humo. Intel ilieleza hayo mwaka 2012. Mshale ukirukaruka kama panzi, itenge risiva na diski ya nje, au isogeze karibu kwa waya mfupi wa USB. Naam, waya ndio unaomwokoa asiye na waya!

3. Kibodi ya Bluetooth huchelewa kuamka. Shikilia kitufe cha kuunganisha hadi taa imwekemweke, chagua jina la kibodi kwenye mipangilio ya kompyuta, andika namba utakazoonyeshwa, bonyeza Enter. Ila kwenye kompyuta nyingi haitaandika kitu kabla Windows haijawaka. Mwenye safari ya kuingia BIOS, mipangilio ya kabla ya Windows, apande kibodi ya risiva au ya waya.

2. Wadukuzi. Mwaka 2016 kampuni ya Bastille ya Marekani ilifichua udhaifu ulioitwa MouseJack: risiva za kampuni kadhaa zilipokea amri za mtu baki aliye mbali kana kwamba ni mwenye nyumba anaandika. Sasisha programu ya risiva, na ukinunua kibodi tafuta yenye usimbaji wa AES. Nywila ya benki haitangazwi redioni.

1. Risiva yenyewe! Ni ndogo kama ukucha wa kidole gumba, na mara nyingi hufichwa tumboni mwa mausi, kando ya betri. Ichungulie humo kabla hujatupa boksi. Ukinunua mtumba, ulizia risiva kwanza, bei baadaye: seti nyingi hufungishwa ndoa na risiva yao kiwandani, na risiva nyingine haziitambui. Unifying ya Logitech, iliyotoka 2009, ina moyo mpana zaidi: moja huhudumia hadi vifaa sita vya aina yake.

Umepita yote saba na bado kimya? Sasa nenda kwa fundi, na risiva uibebe.