Kipya Kimepanda Newala, cha Zamani Kishukie Wapi?

Minada ya korosho ikishafunguliwa mwezi wa kumi, Masasi na Newala hubadilika sauti. Fedha zikisoma kwenye akaunti, maduka yanasogeza maboksi hadi barazani: sabufa, TV za ukutani, simu janja, taa za sola. Msimu ambao bei ni nzuri, kama ule wa 2024/2025 ilipovuka shilingi 4,000 kwa kilo mnadani, maboksi nayo hupanda mlima kwenye keria za mabasi.

Nafurahi kuyaona. Mkulima aliyevuta vumbi la salfa ya mikorosho miezi mizima ana haki ya kutazama mpira kwenye kioo kipana. Swali langu linahusu kile kilichotolewa sebuleni ili kipya kipate pa kukaa, na kwetu huku juu swali hilo ni zito kuliko kwingine. Uwanda wa Makonde, ilipo Newala, hauna mto. Mvua ikinyesha, mchanga unaimeza, maji yanazama chini kabisa na kuja kutokea mabondeni, nasi tunayafuata huko huko: maji ya bomba yanasukumwa kupanda kutoka visima vya Mitema, bonde la Kitangari, kwa mradi ulioanza miaka ya 1950. Ukizika sumu nyuma ya nyumba, umeipitisha njia ile ile ya maji.

Basi tuhesabu kushuka, kuanzia chenye madhara kidogo hadi kile ambacho hakifai kulala uani hata usiku mmoja. Watani zetu wa Masasi, mnaokaa chini kwenye majabali yenu mkituita watu wa porini, sikilizeni vizuri. Ninyi ndio njia panda: Lindi, Tunduru, Nachingwea, Msumbiji kwa Daraja la Umoja, kote kunapitia kwenu. Chakavu chetu kikishuka, mnakipokea ninyi.

8. Kiswaswadu

Simu ya vitufe yenye tochi kichwani. Ikianguka sakafuni, kagua sakafu. Inakaa na chaji hadi mwenyewe unasahau chaja iko wapi, na ukiwa shambani usiku wa kulinda nguruwe pori, simu janja yako yenye kamera tatu itakuomba umeme wakati hiki kidude bado kinamulika.

Kwa hiyo usikitupe. Mpe bibi, au mpe kijana anayelinda shamba. Kabla ya kumpa, toa laini yako na futa meseji, maana laini siku hizi imefungwa na alama za vidole vyako, na pesa zako zimo humo. Kisha bonyeza *#06# uone namba yake ya utambulisho, uhakiki kama si bandia. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima, na iliyozimwa haifufuki kwa maombi. Hiyo ipeleke kwa fundi akavune spika, kioo na vitufe. Meza ya fundi simu pale stendi inaokoa vifaa vingi kuliko mabango yote ya usafi niliyowahi kusoma.

7. Friji lililokufa

Newala friji halizikwi, linapandishwa cheo kuwa kabati. Unga chini, vyombo juu, mlango unabana, panya analia nje. Naunga mkono kwa moyo wote. Ila ng'oa kitasa, mtoto anayecheza kombolela asije akajifungia ndani, na usimruhusu mtu akate mabomba ya nyuma kwa msumeno kwa tamaa ya shaba. Gesi za mafriji ya zamani ndizo zilizoifanya dunia iandike Itifaki ya Montreal mwaka 1987 ili kuliokoa tabaka la ozoni. Kazi ya kuitoa gesi mwachie fundi wa mafriji.

6. Redio, na mrithi wake sabufa

Kifaa cha sauti kilifika huku mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, alipita Masasi na Newala na fonografu, akanasa nyimbo za wenyeji kwenye silinda za nta. Alikuja pia na kamera ya sinema akapiga picha za ngoma. Silinda hizo wazungu hawakuzitupa. Walizihifadhi kama mali, na nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu kaseti za ngoma zetu za miaka ya themanini na tisini zimeishia kuwa utepe wa watoto kufungia tiara.

Ukitoa redio ya kaseti ndani, basi, anza na kaseti. Zile zenye sauti za wazee, za jando, za unyago, za harusi ya mjomba, mpe kijana anayejua kuhamishia kwenye simu. Redio yenyewe ni mgodi: transfoma, spika, antena, gia za kaseti. Fundi redio hatupi kitu.

Na sabufa? Mmoja ananunua, mtaa mzima unasikiliza. Neno langu ni moja: kabla hujalipia, mpitie fundi kwanza umuulize ni ipi anayoweza kuipatia vipuri. Sabufa ambayo fundi wako hana cha kuifanya ikiungua ni taka iliyofungwa kwenye boksi zuri.

5. Balbu za mkunjo

Zile nyeupe za kubana umeme, zilizojikunja kama utumbo wa kuku. Taa za LED zimezifukuza na zimefanya vizuri. Ndani ya kila moja kuna zebaki kidogo, na zebaki ndiyo iliyoleta Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013. Ikivunjika chumbani, toa watoto, fungua madirisha, subiri robo saa, kusanya vipande kwa karatasi ngumu na kuvitia kwenye chupa yenye kifuniko. Ufagio usiuguse. Nzima iliyoungua irudi kwenye boksi la ile mpya, ikae juu ya kabati. Lile friji lako litafaa.

4. TV ya chogo

Mzee huyu ameonewa. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia, watu walitangaza msiba wake. Akafungiwa king'amuzi, akaendelea kutazamwa. Sasa TV bapa imemwondoa ukumbini na watu wanamwangalia kama mgeni aliyekaa sana.

TV ya chogo ikiwa nzima haina neno na mtu. Tatizo liko kwenye kioo: watengenezaji walichanganya risasi, ile metali nzito, sehemu za nyuma na shingoni, ili kumkinga mtazamaji na mionzi. TV moja inaweza kubeba kilo nzima ya risasi, au zaidi. Halafu shingoni kuna koili ya shaba, na shaba ndiyo inayomwita kijana mwenye nyundo. Anavunja, anachukua shaba ya pesa ndogo, anaacha kioo na ule unga wa ndani pale pale kuku wanapodonoa.

Ikiwa bado inawaka, kuna banda la video, kuna shule, kuna jirani aliyevutiwa umeme juzi. Ikiwa haiwaki, iweke pakavu ikiwa nzima na uiuze ikiwa nzima, kwa mtu atakayeiondoa ikiwa nzima. Na isitupwe bondeni. Pale Shimo la Mungu, Newala, unasimama ukingoni unaona bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo, mahali pa kumpeleka mgeni umwache anyamaze. Mungu hakulichimba apelekewe TV.

3. Nyaya

Kila kifaa kinachokufa kinaacha mkia, na kwetu mkia huo unachomwa. Moshi mweusi, harufu ya kukaba koo, kisha kijana anapekua majivu kutafuta shaba. Plastiki ya nyaya ikiungua inatoa dioksini, sumu isiyoisha haraka, na masizi yanaruka na kutua juu ya paa.

Hapo ndipo mtu wa uwandani anatakiwa ashtuke. Nyumba zetu nyingi zinakinga mvua kwenye bati na kuipeleka kwenye kisima cha saruji uani. Kwetu bati ndilo mto. Ukichoma nyaya mwezi wa kumi na mvua ikaanza mwezi wa kumi na moja, masizi hayo utayachota kwa kata.

Dawa yake ni kisu. Nyaya zinamenywa kama muhogo. Na kijana ukimwambia habari za sumu akaona unamchelewesha, mwambie habari za bei: shaba safi iliyomenywa inathaminiwa kuliko iliyoungua. Nimeona vijana wakizima moto kwa hoja hiyo moja.

2. Dumu la dawa ya korosho

Huenda mtu akauliza dumu limeingiaje kwenye orodha ya vifaa vya kisasa. Limekuja na mashine za mgongoni za kupulizia, ambazo zimerahisisha vita dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga. Mashine ni nzuri, mikorosho inapona, na vyombo vya dawa ya maji vinabaki. Uwandani chombo cha plastiki chenye kifuniko kizima hakitupwi. Mama anayesubiri zamu ya maji tangu alfajiri ataona dumu hilo na kuliona ni baraka.

Hapana, mama. Harufu ikiisha, dawa haijaisha. Sabuni, majivu na maji ya moto havimalizi kilichopenya kwenye plastiki. Ukimaliza dawa, suuza chombo mara tatu, na yale maji ya kusuuza yamimine kwenye mashine uyapulizie mikorosho, si bustani ya mchicha. Kisha toboa chombo kitako kwa msumari, papo hapo shambani, kabla hakijafika nyumbani. Chombo kilichotobolewa hakiombwi na jirani. Usikichome. Kiwekwe pamoja na vingine virudi kwa aliyeuza au kwa bwana shamba wa kata. Hili ningeliweka nafasi ya kwanza, lakini kuna kitu kibaya zaidi.

1. Betri

Tuanze na ndogo. Betri za tochi zikiisha huanikwa juani, zikiisha tena huumwa kwa meno, na zikiisha kabisa hutupwa chooni. Waliosoma shule za vijijini zamani wanakumbuka ule unga mweusi wa ndani: watoto walitumwa walete betri kuukuu, zikapondwa kwa mawe, ubao ukapakwa ukawa mweusi. Unga ule ni manganizi, na watoto waliuponda kwa mikono mitupu. Tuiache desturi ile ya ubaoni na tuiache ile ya chooni pia, kwa sababu shimo la choo kwenye mchanga wetu halina sakafu. Betri ya simu iliyovimba ni jambo jingine: usiitoboe, usiibane, usiichaji tena. Itie kwenye mkebe wa mchanga mkavu, mbali na godoro na mbali na mafuta ya taa.

Sasa kubwa. Sola zimetutoa kwenye koroboi, na sitaki kusikia mtu akizisema vibaya. Lakini betri ya maji inayobeba mwanga huo, zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, iliyolowekwa kwenye tindikali. Baada ya miaka michache inakufa. Kinachofuata mara nyingi ni fundi kumwaga tindikali mchangani ili ipungue uzito, na mwingine kuyeyusha risasi kwenye sufuria atengeneze vizito vya nyavu. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama.

Majirani zetu Wakenya wamelipia somo hili. Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, ulipata kiwanda cha kuyeyusha betri mwaka 2007. Phyllis Omido aliajiriwa hapo, mtoto wake mchanga akaugua, vipimo vikaonyesha risasi mwilini. Akageuka mwanaharakati, kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wananchi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Watoto waliokwisha kudhurika hawakurudishiwa kitu.

Betri ya sola ina bei hata ikiwa imefariki. Wauzaji wengi wa betri wanapokea kuukuu na kupunguza bei ya mpya. Anza kwao. Usikubali anayekuja na mkokoteni bila mizani akikadiria kwa macho. Huyo ni kangomba wa vyuma, na kangomba, yule mnunuzi wa korosho wa magendo, tunamjua. Iuze ikiwa imesimama, imefungwa, na tindikali yake ndani.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni ya 2004, na kanuni za taka za vifaa vya umeme na elektroniki ni za 2021. Anayekusanya anatakiwa awe na kibali, na chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, NEMC, ndicho kinachosimamia. Kinachokosekana kijijini ni mahali pa kupeleka. Dunia nayo imelemewa: mwaka 2022 ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki, na zilizothibitika kurejelezwa vizuri hazikufika robo.

Sisi lakini tuna kitu ambacho wengi hawana. Kila kona ya Masasi na Newala kuna chama cha msingi chenye ghala, mizani, karani na daftari. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mwaka 2007 tumejifunza kupima gunia la kila mkulima, kuliandika na kulisafirisha hadi Mtwara. Ghala linalopokea korosho kuanzia mwezi wa kumi lina miezi mingi ya kukaa tupu. Lori linaloleta salfa linaweza kushuka na kreti la betri. Vyama vikuu vya ushirika, TANECU na MAMCU, vinaweza kuingia mkataba na mkusanyaji mmoja mwenye kibali, kwa bei iliyobandikwa ukutani kama bei ya mnada.

Mkutano mkuu wa chama chako una ajenda ya mengineyo. Inua mkono hapo, uombe vitu vitatu viandikwe kwenye muhtasari: pipa la plastiki lenye mfuniko la betri ndogo, kona ya sakafu ya saruji ya betri kubwa, na tarehe ya lori.