Kamba Wasio na Chumvi

Sisi watu wa mwambao tumezaliwa tunajua kumla kaa. Kumlisha ni elimu nyingine kabisa, na mie niliipata ukubwani, huko Maryland, Marekani, kwa gharama zangu mwenyewe.

Kaa wenyewe ni wale wa nchi kavu, wanaotembea na kombe la konokono mgongoni. Kila kiangazi maduka ya zawadi ya ufukweni Ocean City huwauza kwa watoto, makombe yamepakwa rangi na kuchorwa vikatuni. Biashara yao ni ya kijanja: kaa unapewa kwa bei ya peremende, pengine bure, mradi ununue kizimba, sponji na kopo la chakula. Mwanangu akachagua wawili. Muuzaji hakutuambia kwamba hawa, Coenobita clypeatus wa visiwa vya Karibi, karibu wote hukamatwa porini, kwa kuwa watoto wao lazima waanzie maisha baharini. Wala hakusema kwamba kaa akitunzwa vizuri anaweza kuvuka miaka 30. Maana yake mtoto ataoa, atahama, na kaa nitabaki nao mimi.

Kopo la chakula ndilo lililoanza kutoka nyumbani. Nilisoma yale maandishi madogo ya ubavuni nikakuta salfeti ya shaba, na shaba ni sumu kwa jamii ya kaa na kamba. Wafugaji wazoefu wakiliona neno hilo huliacha kopo dukani. Basi ikawa mpishi ni mimi. Habari njema ni kwamba kaa hawa hula karibu kila kitu: ndizi, embe, karoti, samaki, nazi, majani makavu ya mwaloni, hata gogo lililooza. Habari mbaya ni masharti. Pasiwe na chumvi ya mezani, viungo, kitunguu, mafuta ya kukaangia, wala tunda lenye dawa ya wadudu. Halafu lazima wapate kalsiamu, ganda la yai lililosagwa au mfupa wa dome, maana kaa hujifukia mchangani wiki kadhaa, akajivua ganda, kisha akalila lote ili lile jipya likaze. Ukimfukua kumjulia hali umemuua.

Kiasi nacho kina adabu yake: vipande vidogo, na mabaki yaondolewe kabla hayajavunda kwenye joto na unyevu wa lile tangi la kioo. Kaa wetu mmoja, kwa bahati mbaya, ana tabia ya kuweka akiba. Humburura kamba pembeni akamfukia. Mara moja alifanya hivyo siku tuliyoalika wageni wa futari, na kila aliyeingia alianza kwa kutazama nyayo zake, kisha za jirani yake.

Katikati ya mambo haya Mama akaja kututembelea kutoka Jambiani. Mama amelima mwani sehemu kubwa ya maisha yake, tangu kilimo hicho kilipoanza Zanzibar mwaka 1989, akipigilia vigingi maji yakitoka na kukimbizana nayo yakirudi. Akaikuta pakti ya mwani mkavu niliyonunua kwa Wakorea. Akaigeuza, akatazama bei.

"Huu ndio ule wetu?"

"Si ule, Mama. Wetu wanautia kwenye dawa ya meno na aiskrimu. Huu ni wa kaa."

Akakaa kwanza. "Hawa si ndio wale wanaozunguka nyuma ya choo usiku?"

"Ndugu zao, Mama."

"Hao kwetu chambo."

"Bibi!" mwanangu akapiga kelele.

"Nisamehe mjukuu wangu." Akanyamaza kidogo. "Lakini chambo kizuri."

Mama alikuja na dagaa pia, na hapo niliamua kesi haraka. Dagaa wa Unguja huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo hao walikuwa wetu. Wa Mwanza, wanaoanikwa bila chumvi, niliomba kwa jirani Msukuma nikawapa kaa. Walikuja na mchanga wao, kama kawaida, na kaa ndio walaji pekee niliopata kuwaona wasiolalamikia mchanga wa dagaa.

Sasa, chakula cha kaa hukipika kingi kwa mkupuo mmoja, nikakigawa kwenye trei ya barafu kigande. Usiku mmoja kilikuwa bado kwenye bakuli ndani ya friji: kamba wa kuchemsha, viazi vitamu, vipande vya embe, juu yake nimenyunyiza unga wa maganda ya mayai. Mume wangu anafanya kazi ya usiku kwenye ghala. Alirudi alfajiri na njaa yake, akafungua friji, akakuta bakuli limefunikwa vizuri, akajua ni mkono wa Mama.

Tatizo likawa chumvi. Lakini mkwe hasemi kwamba chakula cha mama mkwe hakina chumvi. Hata kuongeza ni kusema, na Mama alikuwa macho sebuleni, kwenye mswala. Mume wangu alikula chote, na unga wake.

Asubuhi akamwendea kwa heshima. "Ahsante sana Mama. Kile chakula kilikuwa kizuri mno. Hasa ule unga wa juu."

"Unga gani, baba?"

Nilijitia kutafuta kijiko. Mtoto ndiye aliyesema: "Baba, umekula cha kaa."

Mama alicheka mpaka akatafuta pa kushika. Mume wangu aliuliza jambo moja tu, kama kulikuwa na chochote cha kudhuru, nami nikamwapia kwamba tangu nimjue hajala chakula salama kama kile.

Jioni Mama akanikuta nakoroga chumvi ya bahari kwenye maji. Kaa hawa wanataka mabakuli mawili: la maji baridi yaliyotolewa klorini, na la maji ya bahari, yanayotengenezwa kwa chumvi maalumu ya matangi ya samaki, si hii ya pakti yenye madini joto. Alisimama akatazama mpaka nikamaliza. "Kaa anatiliwa chumvi kwenye maji," akasema. "Mkwe wangu anapewa kamba bila chumvi. Haya."

Kilichomshinda zaidi ni kubadilisha chakula kila usiku. Aliona ni kuwadekeza. Machicha ya nazi yapo bure kila tukipika wali, kwa nini wasipewe hayo hayo? Tukawapa. Usiku wa kwanza waliyavamia mpaka yakaruka nje ya kisahani. Usiku wa pili waliyapita kwa mbali. Nikamwambia hilo limeshachunguzwa: Robert Thacker aliwafanyia majaribio kaa wa jamii hii Panama, na mwaka 1998 akaandika katika jarida la Animal Behaviour kwamba hukwepa chakula walichotoka kukila, wakatafuta kingine. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akamwinamia yule kaa mkubwa kwenye kioo.

"Kumbe huyu ni dume," akasema.

Mume wangu, kwa upande wake, alijiwekea sheria: chochote cha kwenye friji huonjwa kwanza kwa ncha ya kijiko, na kisichokuwa na chumvi ni cha kaa, hakijadiliwi. Ilikuwa sheria nzuri, na kwa muda ilitunza amani. Ila Mama ana presha, na daktari wake wa Unguja alimkataza chumvi kabla hajapanda ndege. Alhamisi moja akajichemshia samaki mdogo mzima, akamfunika, akaenda kusali adhuhuri. Mume wangu akaamka, akafungua friji, akaonja. Kwa moyo mweupe wa mtu anayesaidia kazi za nyumbani, akambeba samaki mpaka kwenye tangi.

Tulipomkuta Mama alikuwa ameshakiinamia kioo, miwani puani. Mume wangu kasimama nyuma yake, mikono kaikunja, hana pa kuangalia.

"Si neno, baba," Mama akamwambia bila kugeuka. "Wamenibakishia kichwa."